Tumboni mwa Mbwamwitu

Januari, tarehe ishirini na sita, Dundee.
Mvua yenye barafu inachapa dirisha la ofisi yangu,
ghorofa ya pili, juu ya duka la mikate,
na Innes Lamont anaingia bila miadi,
amempakata mbwamwitu wa mbao.

"Risiti zote zimo humu," asema,
na anamfungua mnyama tumbo kwa bawaba ya shaba.
Zinamwagika mezani. Mwaka mzima.
Nyingine zimegandana kwa gundi,
nyingine wino umekimbia, zimebaki nyeupe pepe
kama mtu aliyeulizwa alikuwa wapi usiku.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema.
Mali ya Innes ilikuwa na habari tele.
Daftari ndilo lililokosekana.

Nimewaona wengi: mpiga fidla
aliyejumlisha mapato nyuma ya karatasi za muziki,
mchoraji aliyedhani mapato na faida ni mapacha.
Si ndugu hata. Mapato ni kelele za wageni mlangoni;
faida ni yule aliyebaki kuosha vyombo.
Wote huapa kwamba vichwa vyao havikuumbiwa hesabu.
Innes naye ameapa, mtu huyu
anayechonga kidole cha kikaragosi
na kukikataa kwa nusu milimita.

Tunaanza.
Mbao laini, vipande vinane: inakubalika.
Macho ya kioo, jozi kumi na moja: inakubalika.
Treni ya Inverness, kwenda na kurudi, inakubalika.
Buti za baridi?
"Nilizivaa jukwaani."
Ulizivaa na sokoni, Innes.
Sheria inataka kitu kiwe cha kazi, cha kazi tu,
kisiweke mguu mmoja nyumbani.
Buti zina miguu miwili. Nazifuta. Anacheka.

Halafu karatasi iliyokunjwa mara nne.
Duka la maua, Perth Road, mwezi wa Machi.
Shada moja. Pauni sitini na mbili.

Sikuuliza.
"La baba," akasema. "Lakini yule mzee
wa onyesho la vuli, mwenye kofia,
nilimpa uso wa baba. Watu mia nne walimwona Aberdeen.
Shada si sehemu ya utafiti?"

Alikuwa anatania. Nusu.

Ubao wa uso ule ninao vitabuni: pauni kumi na tisa.
Rangi ya ndevu: nne na peni thelathini.
Siku kumi na nne za kuchonga: sifuri,
kwa kuwa mikono yako mwenyewe
huwezi kuiandika gharama.
Nililiweka shada pembeni, peke yake,
mbali kidogo na buti.

Kisha nikamtajia kodi. Akapumua.
Kisha nikamtajia nusu yake tena,
malipo ya awali ya mwaka unaofuata,
na Julai nusu nyingine.
"Nilipie mwaka ambao sijauishi?"
Ndiyo.
"Na nisipoitwa popote?"
Utanipigia simu, tutaomba wapunguze. Fomu yake ipo.
Usinisubiri hadi mbwamwitu ashibe.

Nikampa bahasha kumi na mbili, na amri moja:
kila pauni kumi ikiingia, tatu zilale
kwenye akaunti usiyoijua kwa kichwa.
Akaandika hilo kiganjani. Kiganjani!

Alipoondoka alichukua karatasi moja tu.
Akaikunja mara nne, akairudisha tumboni,
akafunga bawaba taratibu
kama anayefunga mlango wa chumba chenye mtu aliyelala.

Fomu ilikwenda saa kumi na moja jioni, siku tano kabla.
Kwenye kikokotoo changu, juu ya alama ya jumla,
limebaki vumbi la mbao.
Nina kitambaa kwenye droo.
Wiki ya pili sasa, bado kimo kwenye droo.